Leza haifuti tatuu, inaivunja: niliyoyapitia kwa miezi 26

Kitu cha kwanza ni harufu. Kabla hujajua kama inauma au haiumi, pua inapata harufu ya nywele zilizobabuka, ileile ya kuku anayebabuliwa manyoya kwenye jiko la mkaa. Halafu mlio mkavu, ta-ta-ta, kama chumvi ya mawe ikipasuka motoni, na kila mlio una maumivu yake, sawa na tone la mafuta linaloruka kikaangoni ukikaanga samaki. Kwa mkono wangu, kikao cha kwanza cha leza kilichukua dakika nne. Niliinua miwani ya kukinga macho baada ya kuruhusiwa, nikaona herufi zilizokuwa nyeusi kwa miaka kumi zimekuwa nyeupe kama zimeandikwa kwa chaki. Nilijua imefutika. Machozi yalinitoka. Robo saa baadaye, nikiwa bado nimekaa na barafu mkononi, weupe ukaondoka na herufi zikarudi nyeusi vilevile.

Ule weupe ni viputo vidogo vya gesi vinavyojitokeza ndani ya ngozi wino unapopashwa moto ghafla. Vinatoweka vyenyewe. Laiti ningeambiwa mapema, nisingetoka pale nikilia kwamba pesa yangu imepotea, na ndiyo maana leo nakaa kuandika.

Tatuu yenyewe nilichorwa mwaka 2011, Sinza, kwenye chumba cha nyuma ya saluni, kwa shilingi 30,000. Jina la mtu, herufi saba nyeusi, upande wa ndani wa mkono chini ya kiwiko, na moyo mdogo mwekundu mwishoni. Kufikia 2020 nilikuwa nimeolewa na mtu mwingine na nina mtoto wa chekechea aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kusoma. Jioni moja alinikalia mapajani, akaweka kidole mkononi mwangu, akaanza kuunganisha herufi moja baada ya nyingine kwa sauti. Alipomaliza akauliza, "Mama, huyu ni nani?" Baba yake alikuwa sebuleni.

Nikaenda haraka. Hapo ndipo nilipokosea. Nilikwenda sehemu moja ya urembo mjini iliyobandika tangazo la kufuta tatuu, sikuuliza chochote, nikalipa. Mashine waliyoitumia haikuwa leza kabisa. Ilikuwa ile ya mwanga mkali inayotumika kuondoa nywele za kwapani. Mwanga wake ni mpana, na kila mpigo ni mrefu mno kwa punje za wino, hivyo joto linabaki kwenye ngozi badala ya kuvunja wino. Usiku ule mkono ulivimba. Asubuhi nilikuwa na vidonda vinne vya mstatili, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa ubavu wa kiberiti, vimejipanga juu ya lile jina kama matofali. Herufi chini yake zilikuwa zinasomeka bila shida yoyote.

Daktari wa ngozi niliyemwendea baada ya hapo aliutazama mkono muda mrefu. "Dada yangu, hii kwanza tuiache ipone," akasema. Nilisubiri miezi saba kabla hajakubali kuigusa. Miezi saba ya mikono mirefu kwenye joto la Dar es Salaam.

Yeye ndiye aliyenielewesha jambo ambalo naomba ulishike kabla hujatoa hata shilingi. Leza haifuti tatuu. Inaivunja. Anayefuta ni mwili wako mwenyewe.

Alinieleza hivi. Sindano ya mchoraji inapoingiza wino, mwili unauona kama adui na kutuma seli walinzi ziitwazo makrofaji ziumeze. Zinaumeza, lakini punje ni kubwa mno, haziwezi kuzisaga wala kuzibeba, basi zinakaa nazo palepale. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba hata seli hizo zikifa, wino unaoachwa unamezwa na nyingine mpya zinazokuja kushika zamu. Ndiyo siri ya tatuu kudumu: mlinzi anabadilika, mzigo unabaki. Leza inapiga kwa muda mfupi usioelezeka, sehemu ya bilioni ya sekunde, na mashine mpya zaidi sehemu ya trilioni, mpaka punje inapasuka vipande kabla haijapata nafasi ya kuichoma ngozi jirani. Vile vipande vidogo ndivyo mwili unavyoweza kuvibeba kupitia mishipa ya limfu, ile inayosafirisha majimaji ya mwili, polepole, wiki baada ya wiki. Sehemu yake huishia kwenye tezi, kwa mkono ni zile za kwapani. Kwa hiyo siku ukienda kupima matiti, mwambie daktari kwamba una tatuu au uliwahi kuifuta, asije akashtuka akiona vitu asivyovitarajia kwenye tezi.

Ukishalielewa hilo, utaelewa kwa nini haraka haisaidii. Kati ya kikao na kikao mimi nilisubiri wiki nane mwanzoni, baadaye miezi minne. Kuna utafiti wa Italia wa mwaka 2012 ulioona kwamba waliopigwa leza kwa kufuatanisha, kila wiki nane au chini ya hapo, walipata matokeo hafifu kuliko waliosubiri zaidi, na kwamba wavutaji sigara walikuwa na wakati mgumu zaidi kufuta tatuu zao. Mtu akikuahidi kila wiki mbili ili umalize mapema, anauza haraka yako.

Sasa niseme juu ya ngozi yetu, maana hapa ndipo penye hatari na ndipo wengi wanapodanganywa na video za watu weupe. Leza inatafuta rangi. Haijui hii ni ya wino na hii ni ya kuzaliwa nayo. Melanini inayotupa weusi wetu nayo inaunyonya mwanga, na kadiri wimbi la mwanga linavyokuwa fupi ndivyo inavyonyonya zaidi. Ndiyo maana kwa mtu mweusi leza inayoaminika ni aina iitwayo Nd:YAG, yenye wimbi la nanometa 1064 (nanometa ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Inazama chini na kuipita melanini kwa kiasi kikubwa, na wino mweusi unaipokea vizuri. Kwa hiyo swali la kwanza ukifika mahali ni hili: mashine yenu ni leza gani, na inapiga nanometa ngapi? Asiyeweza kukujibu, shika mkoba wako uondoke. Swali la pili: mmeshawafanyia watu wenye ngozi kama yangu, na naweza kuona picha zao miezi sita baadaye? Picha ya siku ileile haikuambii kitu.

Wino mwekundu ni habari nyingine. Unahitaji wimbi la nanometa 532, nusu ya lile la kwanza, na hilo melanini inalipenda. Daktari wangu alipiga nukta moja tu pembeni ya ule moyo, kama punje ya mbaazi, tukasubiri. Nukta ilipona ikiwa nyeupe kuliko mkono mzima. Tukasimamisha kila kitu kwa miezi sita mpaka rangi ikarudi, na ilirudi taratibu, vidoa vidoa, kuanzia kwenye vinyweleo. Tukakubaliana moyo ubaki. Wino wa kijani na wa bluu nao unahitaji mawimbi mengine, na kwa ngozi nyeusi kila rangi ya ziada ni hatari ya ziada. Nyeusi tupu ndiyo rahisi kuliko zote.

Mwanzoni kabisa alinikadiria kwa kipimo ambacho madaktari Kirby na Desai na wenzao walikichapisha mwaka 2009. Kinaangalia ngozi yako, mahali tatuu ilipo, rangi zake, wingi wa wino, makovu yaliyopo, na kama imechorwa juu ya nyingine. Shingoni na kifuani damu na limfu vinazunguka vizuri, huko tatuu hutoka mapema kuliko kiganjani au kwenye kifundo cha mguu. Kwangu alisema vikao nane mpaka kumi. Vikawa tisa, kwa shilingi 180,000 kila kikao. Piga hesabu kabla hujaanza, maana tatuu iliyoachwa nusu inaonekana vibaya kuliko nzima.

Maumivu? Kwangu yalizidi ya kuchorwa, lakini ni ya muda mfupi. Alinipaka dawa ya ganzi palepale kliniki na kupulizia hewa baridi. Ya ganzi usijipake mwenyewe nyumbani eneo kubwa na kulifunga kwa nailoni ili ikolee. Inaingia kwenye damu na inaweza kusimamisha moyo. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya wasichana wawili kufariki kwa namna hiyo wakijiandaa kwa leza ya nywele.

Kinachochosha ni siku zinazofuata. Baada ya kikao cha pili lengelenge lilitokea juu ya herufi ya tatu, kubwa kama zabibu, limejaa maji ya njano. Mama mkwe akataka kulitoboa kwa sindano iliyochomwa moto. Nilimwomba kwa heshima aliache, nikalifunika kwa kitambaa safi kisichonata, likanywea lenyewe siku ya nne. Ngozi ya juu yake ndiyo bandeji bora uliyo nayo. Nilikuwa naosha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, napapasa kwa taulo, napaka mafuta ya mgando kidogo. Dodoki halikugusa mkono huo. Baharini sikuingia mpaka pamepona kabisa. Vigaga vinawasha kuanzia siku ya saba hivi, hasa usiku, na usipokaza moyo utavikwangua usingizini. Mimi nililala na soksi mkononi. Ukiona usaha, homa, au wekundu unaosambaa, usisubiri miadi, rudi siku hiyohiyo.

Halafu jua. Kwetu mtu mweusi akipaka krimu ya kukinga jua anaulizwa amekuwaje, kana kwamba ni ya ndugu zetu wenye ualbino peke yao. Hao ni kweli wanaihitaji kuliko sisi, na pale hospitali ya KCMC, Moshi, inatengenezwa krimu maalumu kwa ajili yao, Kilisun. Lakini ngozi iliyotoka kupigwa leza nayo haiwezi kujikinga. Jua likiipiga inajibu kwa kuweka baka jeusi linaloweza kukaa mwaka mzima. Nilipaka, nikavaa mikono mirefu, na kwenye daladala nilikuwa naomba kukaa upande usio na jua.

Ukilipata baka, tafadhali, usikimbilie mkorogo. Wala usiuguse mkono wako kwa maji ya betri, magadi, maziwa ya papai au vile vichupa vinavyouzwa mitandaoni. Nimeona kijana jirani yetu aliyetumia maji ya betri begani. Tatuu imetoka kweli, pamoja na nyama, na kovu lililoota pale limevimba kama kidole gumba na halijaacha kumuuma. Kama wewe au watu wa damu yako mna asili ya makovu ya kuvimba, mwambie daktari kabla ya chochote. Angalia kovu lako la chanjo begani au ulipotobolewa masikio, litakupa fununu. Mwambie pia kama una mimba, unanyonyesha, au unatumia vidonge vya chunusi.

Wifi yangu alitaka kunifuata, yeye alichorwa nyusi za kudumu za rangi ya kahawia na akazichoka. Wino wa nyusi na midomo mara nyingi una madini ya chuma au unga mweupe wa titani, na leza inaweza kuugeuza ghafla kuwa mweusi badala ya kuuondoa. Kwake walijaribu nukta moja mwishoni mwa unyusi, ikageuka kijivu cheusi mbele ya macho yetu. Ashukuriwe Mungu walianza na nukta.

Na wadogo zangu mnaoniandikia kila Jeshi la Polisi linapotangaza nafasi za ajira, kwa kuwa masharti yanasema mwombaji asiwe na michoro mwilini: nawaelewa sana, najua nafasi hizo zinavyosubiriwa na familia nzima. Lakini tangazo linakupa wiki chache na kazi hii ni ya mwaka mmoja, miwili, au zaidi. Binamu yangu alikuja kwangu siku kumi na nne kabla ya mwisho wa maombi, akiniomba nimpeleke wampige mara tatu kwa wiki. Nilikataa, na alininunia. Ukitaka kuomba miaka miwili ijayo, anza sasa. Ukitaka kuomba mwezi ujao, leza haitakufikisha, na atakayekuambia itakufikisha atakuachia kidonda cha kwenda nacho kwenye usaili.

Kikao changu cha tisa kilikuwa Mei 2023. Jina limeondoka. Mbele ya dirisha, mwanga ukija kwa ubavu, ngozi pale inang'aa kidogo kuliko penginepo, na mstatili mmoja wa ile mashine ya kwanza bado unaonekana kwa anayejua pa kuangalia. Moyo umefifia, una rangi ya waridi iliyonyauka. Mwanangu sasa yuko darasa la tatu, anasoma kila kinachopita mbele yake mpaka maandishi ya mgongoni mwa bajaji. Wiki iliyopita aliushika mkono wangu, akapitisha kidole polepole kutoka kwenye kiwiko kwenda chini.

"Mama, hapa paliandikwa kitu."

Nikamwambia ndiyo, paliandikwa.