Iondoke au ibaki? Kwanza niambieni nani amekasirika

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kwamba sanamu ya kisasa ikisimamishwa kwenye uwanja wa umma halafu watu wakaichukia, je iondolewe au iachwe. Mi naona kuna swali mmeliruka hapo. Nani amekasirika? Manake kuna yule anayepita pale asubuhi na jioni, na kuna yule aliyeona picha kwenye simu akiwa nchi nyingine kabisa, na hawa wawili tunawapa uzito sawa wakati mmoja ndo anaishi na hilo lidude na mwenzie kesho atakuwa anacheka kitu kingine.

Kesi inayotajwa kila mara ni Tilted Arc ya mchongaji Richard Serra, New York, 1981. Ukuta wa chuma cha rangi ya kutu, urefu mita 36 na ushee, kwenda juu karibu mita 3.7, umepinda na kuinama kidogo, umekatiza katikati ya uwanja wa majengo ya serikali kuu. Serikali ililipa dola 175,000. Sasa we fikiria ni karani pale, jana ulikuwa unanyoosha moja kwa moja mpaka mlangoni, leo unazunguka chuma kirefu mara mbili yako na hakuna aliyekuuliza kitu. Na Serra hakuficha, alitaka mpita njia ajishtukie, ahisi mwili wake na mwendo wake, yaani kule kusumbuliwa ndo ilikuwa kazi yenyewe! Saini kama 1,300 zikakusanywa kutaka utolewe. Mwaka 1985 kikaitishwa kikao cha kusikiliza watu, wakasimama 180 kuongea na 122 kati yao wakasema ubaki. Ukiishia kwenye hiyo namba utasema umma uliupenda sana, ila waliofurika upande wa kuutetea walikuwa wasanii, watu wa makumbusho na wajuzi wa sanaa, na wengi wao hawakuwa na ofisi pale. Jopo la kikao hicho likapiga kura 4 kwa 1 utoke, Serra akaenda mahakamani akashindwa, na usiku mmoja wa Machi 1989 ukakatwa vipande ukabebwa kwenda stoo. Yeye alishasema kuuhamisha ni kuuharibu, manake uliundwa kwa ajili ya pale tu, na hapo nakubaliana naye kabisa ila hoja inamgeukia mwenyewe, kwamba kama kazi haiwezi kuishi popote isipokuwa pale basi watu wa pale ndo walitakiwa kuulizwa kabla ya mtu yeyote.

Halafu kuna wanaosema ngojeni tu, mtaizoea. Wakati mwingine kweli. Chicago 1967 walipofunua lile sanamu la Picasso, mita 15 la chuma, halina hata jina rasmi, watu wakabaki wanabishana ni nyani, ni ndege au ni mbwa, na diwani mmoja akataka ling'olewe awekwe Ernie Banks, nyota wao wa besiboli. Miaka imepita, watoto wanateleza kwenye mteremko wake wa chini kama vile liliwekwa kwa ajili yao. Grand Rapids, mji mwingine wa Marekani, nako ile kazi nyekundu ya mchongaji Calder ya 1969 ilisemwa weee, baadaye mji ukaifanya nembo mpaka ikachorwa kwenye magari ya taka. Gateshead, Uingereza, sanamu la Angel of the North la Antony Gormley lilipingwa hata kabla halijasimama (mabawa yake mita 54, msiwalaumu sana), likasimama 1998, na mwaka huohuo mashabiki wa Newcastle wakalivisha jezi kubwa ya Alan Shearer, polisi wakaishusha. Mi siamini ni muda peke yake uliofanya hiyo kazi. Watu walipata cha kufanya na hivyo vitu, kuteleza, kuchora, kuvisha jezi. Ule ukuta wa Serra ungeufanyia nini? Waliuandika maandishi na kuukojolea, basi.

Upande wa simu sasa. Boston, Januari 2023, The Embrace ya Hank Willis Thomas, mikono ya Martin Luther King na mkewe Coretta wakikumbatiana, imetokana na picha yao ya 1964. Ikapigwa picha kwa kona moja mbaya, mnaijua, ikazunguka dunia nzima na vichekesho vya aibu. Lakini pale penyewe unapita chini ya ile mikono, unaingia ndani ya kumbatio, kitu ambacho picha haikuonyeshi hata kidogo. Hiyo ningeiacha bila hata kikao.

Kuna na hasira ambayo haihusu sanamu. Ile ya Dakar, Senegal, ya 2010, ya baba, mama na mtoto, mita 49, watu walilalamikia gharama, nguo fupi ya yule mama, kampuni ya Korea Kaskazini iliyojenga, na zaidi ya yote Rais wa wakati huo, Wade, kudai asilimia 35 ya mapato eti wazo ni lake. Pale hata ingechongwa malaika wangekasirika, na walikuwa na haki.

Kwa hiyo jibu langu, wapita njia waulizwe mapema, na kura yao iwe nzito kuliko ya wataalamu na ya watu wa mtandaoni. Ila kuna moja inanisumbua kwenye hii kanuni yangu. Milan, Italia, 2010, msanii Maurizio Cattelan aliweka mkono wa marumaru uliokatwa vidole vyote ukabaki cha kati, mbele ya jengo la soko la hisa. Ilikuwa ikae kwa muda tu, mpaka leo ipo. Kwa kanuni yangu watu wa fedha wanaoingia mle wangeamua itoke, na ingetoka siku ya pili. Mi sitaki itoke.