Anza na kasi ya kitovu cha masi

Jana jioni mtoto wa dada yangu, aliye mwaka wa kwanza chuoni, aliniletea daftari lake hapa Nakuru. Nikaliona kosa lilelile lililoninyima alama za swali zima nilipokuwa kama yeye. Chembe ya kilo 3 inakwenda kulia kwa mita 4 kwa sekunde, nyingine ya kilo 1 inakuja kushoto kwa kasi iyo hiyo, zinagongana uso kwa uso. Swali lilitaka kasi ya kitovu cha masi, yaani nukta ya wastani ya mahali chembe zilipo, ambapo chembe yenye masi kubwa huhesabiwa zaidi. Alikuwa amechukua wastani wa kasi zote mbili, akapata sifuri.

Wastani huo unafaa masi zikilingana tu. Zisipolingana, zidisha masi ya kila chembe kwa kasi yake, jumlisha, halafu gawanya kwa jumla ya masi. Kulia ni chanya, kushoto ni hasi. Andika alama hizo kabla hujagusa kikokotoo. 12 toa 4 ni 8, gawanya kwa 4: mita 2 kwa sekunde, kuelekea kulia.

Kasi hiyo haibadilishwi na mgongano, maadamu hakuna kani ya nje. Hapo ndipo utamu ulipo. Ukiwa ndani ya matatu ya Kisumu, mkaenda sambamba na lori pale Salgaa, lori huonekana limetulia kando ya dirisha huku miti ikirudi nyuma. Basi nikamwambia apande gari linalokwenda mita 2 kwa sekunde, yaani atoe 2 kwenye kila kasi. Ya kilo 3 ikawa na 2, ya kilo 1 ikawa na hasi 6. Momenta zao, yaani masi mara kasi, ni 6 na hasi 6, jumla yake sifuri.

Kama nishati ya mwendo haipotei, ukiwa garini utaona kila chembe ikirudi ilikotoka kwa kasi ileile: hasi 2 na 6. Shuka sasa, rudisha ile 2. Ya kilo 3 imesimama kabisa, ya kilo 1 inakwenda kulia kwa mita 8 kwa sekunde! Akakagua nishati mwenyewe: jouli 32 kabla, 32 baada. Zingenatana, zingekwenda pamoja kwa mita 2 kwa sekunde na jouli 24 zingegeuka joto na aina nyingine za nishati.

Kwa chembe zinazokaribia kasi ya mwanga hesabu hii haitoshi. Huko hugawanywa momenta yote kwa nishati yote, kisha huzidishwa kwa mraba wa kasi ya mwanga. Zikigongana kwa pembe, kokotoa kila mhimili peke yake. Hayo ya pembe tutayafanya Jumamosi.