Maswali ya Wasomaji: Nataka Kusoma OT Marekani, Naanzia Wapi?

Mwezi huu safu yote ni ya OT (occupational therapy), yaani tiba kwa vitendo, ile fani ya kumsaidia mtu arudi kwenye shughuli zake za kila siku baada ya kuumia au kuugua, avae mwenyewe, ale mwenyewe, aandike, arudi kazini. Wengi mliouliza mko Marekani na mna digrii ya kitu kingine kabisa. Mi hiyo ndo kazi yangu na hiyo njia nimeipita, kwa hiyo najibu kama ningemjibu mdogo wangu wa damu.

SWALI: Dada shikamoo. Nina digrii ya saikolojia nilimaliza 2016 hapa hapa Marekani, sa hivi nahudumia wazee majumbani na nimeipenda sana hii kazi nataka niende OT ngazi ya masta. Shida kila chuo nikifungua naona orodha yake tofauti mpaka nachanganyikiwa. Je nirudie digrii? Na zile kozi zangu za zamani bado zina thamani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Digrii hurudii. Marekani tangu 2007 huwezi kuingia kwenye hii fani kwa digrii ya kwanza tu, lazima masta au udaktari, na kwa sababu hiyo vyuo vinapokea watu wenye digrii ya chochote, saikolojia, biolojia, hata muziki, mradi umemaliza zile kozi za awali wanazozitaka. Hizo kozi ndo zinazokuchanganya, ila ukiziweka orodha tatu nne pembeni utaona zinafanana kuliko unavyodhani: anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili pamoja na maabara zake, takwimu, saikolojia ya ukuaji wa binadamu toka utoto mpaka uzee, saikolojia ya magonjwa ya akili, na sosholojia au anthropolojia. Wengine wanaongeza istilahi za kitabibu au fizikia. We kwa saikolojia yako nusu ya hiyo orodha huenda unayo tayari.

Sasa kwenye ukomo wa muda hapo kuwa makini sana, naomba unisikilize. Vyuo vingi vinataka kozi za sayansi ziwe zimesomwa ndani ya miaka 5, 7 au 10, kila chuo na hesabu yake, na mwingine anahesabu kurudi nyuma toka siku unayoomba mwingine toka siku masomo yanayoanza. Mi mwaka wa kwanza kuaplai chuo kimoja kilinirudisha kwa sababu fiziolojia yangu ilikuwa imepita ule ukomo kwa miezi 2 tu, na ada ya maombi nilishalipa, niliumia sana na sitaki yakukute. Kozi zako za 2016 na kurudi nyuma, hasa za sayansi, chukulia kwamba itabidi uzirudie, na unaweza kuzisoma community college kwa bei nafuu, vyuo vingi vinakubali. Ila maabara ya onlaini wapo wanaoikubali na wapo wasioikubali. Kabla hujalipa kozi hata moja andika imeili kwa ofisi ya udahili ya kila chuo unachokitaka, utaje jina la kozi, namba yake na chuo unachotaka kuisomea, uulize mnaikubali au hamuikubali. Jibu likija lihifadhi. Usiridhike na mtu aliyekujibu kwa simu, maana kesho yake anaweza asiwepo na we huna ushahidi.

Halafu kitu kingine, hiyo kazi yako ya kuhudumia wazee ni nzuri mno na utaiandika kwenye maelezo yako binafsi, lakini usije ukadhani ndo masaa ya kuangalia OT. Hayo ni mengine, soma swali linalofuata.

SWALI: Dada mambo, vyuo vinasema lazima masaa ya kumwangalia mtaalamu wa OT akifanya kazi, mwingine 20 mwingine 40 mwingine mpaka 100. Hivi ni lazima kweli au ni kujaza fomu tu? Na nayapata wapi mimi sijui mtu yeyote?

JIBU: Poa mdogo wangu. Kuna vyuo havidai, lakini hata kama chuo chako hakidai nakuomba uyafanye, tena uyafanye KABLA ya kuanza kulipia kozi za anatomia na kupiga msuli usiku kucha. Nieleze kwa nini.

Mi nilikuwa nadhani OT ni fizio ya mikono. Siku yangu ya kwanza ya kuangalia nilikaa kwenye kona ya chumba, kuna baba mmoja alikuwa amepata kiharusi, mkono wa kulia umelala kabisa. Nikasubiri mazoezi yaanze. Yule mtaalamu akamuuliza tu, ukiamka asubuhi kitu cha kwanza unafanya nini? Akasema navaa shati nikae barazani. Basi kipindi kizima kikawa cha shati. Anaingiza kwanza mkono ulioumia, ndo anafuata mzima, analivuta shati kupitia mgongoni, anafunga vifungo kwa mkono mmoja huku mtaalamu anaangalia mgongo wake umekaaje kwenye kiti, jicho lake linakiona kifungo cha upande ule au linakipita, anakumbuka hatua inayofuata au anaisahau. Kifungo cha tatu alikiacha mara nne. Alipokifunga alinyamaza tu akakishika kwa muda mrefu. Nikaelewa pale kwamba shati lilikuwa ndo kipimo na ndo dawa yenyewe, misuli, macho, kumbukumbu, subira, vyote vilikuwa kwenye lile shati. Na ile orodha ya kozi ikaacha kuwa mzigo, nikajua kumbe anatomia ni kwa ajili ya lile bega, saikolojia ni kwa ajili ya ule ukimya.

Kuna mwenzangu tulianza naye akaangalia siku mbili akasema hii sio yangu mimi nataka mambo ya dharura, akaenda unesi na anafurahi. Siku mbili zimemwokolea miaka na mkopo mkubwa.

Namna ya kuyapata: piga simu au andika kwa idara ya urekebishaji hospitalini, kwenye nyumba za kulelea wazee, kliniki za mikono, kliniki za watoto wenye usonji, na shule maana Marekani OT wengi wako mashuleni. Hospitali kubwa mara nyingi zinapitisha kwenye ofisi ya wanaojitolea, watakudai chanjo, kipimo cha kifua kikuu na kusaini ahadi ya kutunza siri za wagonjwa, na hiyo inakula wiki kadhaa kwa hiyo usisubiri mwezi wa dedlaini. Tafuta sehemu angalau mbili zisizofanana, mfano watoto na wazee, kuna vyuo vinadai hivyo. Anayekusainia awe OT mwenye leseni. OT msaidizi vyuo vingine wanamkubali vingine hawamkubali, uliza. Na kila siku ukitoka andika mistari mitano, umeona nini na kwa nini alifanya vile (jina la mgonjwa usiandike kabisa), kwa sababu miezi sita baadaye kwenye intavyuu watakuuliza na "nilipenda kusaidia watu" imeshasemwa na kila aliyekaa kwenye hicho kiti.

Na barua ya mapendekezo utaitoa humo humo. Vyuo vinataka barua 2 au 3, mara nyingi moja ya OT na moja ya profesa, ndugu na mchungaji ambaye ni mjomba wako hapana. Mtu aliyekuona masaa 4 hawezi kukuandikia cha maana, bora ukae masaa 30 kwa mtu mmoja akujue.

SWALI: GPA yangu ni 2.8 na kozi ya anatomia nilipata D nikarisiti nikapata A. Nina nafasi?

JIBU: Nafasi unayo ila fanya hesabu kabla ya kujipa moyo. Kima cha chini cha GPA, yaani wastani wa alama ambao A ni 4 na D ni 1, kwenye vyuo vingi ni 3.0. Vyuo vingi vinapokea maombi kupitia OTCAS, mfumo mmoja unaotuma kwa vyuo vingi, na OTCAS wanakokotoa GPA yao wenyewe wakihesabu mara zote ulizosoma kozi, hata kama chuo chako kilifuta ile D. Kwa hiyo D na A yako kwao inakuwa wastani wa 2.5 kwenye anatomia. Chuo unachoomba kinaweza kuamua kuchukua ile A kwenye kozi za awali, na wapo wanaoangalia kredit 60 za mwisho tu, hao ndo uwatafute. Kama una kredit 120 kwenye 2.8 unahitaji kredit 24 za A tupu kufika 3.0. Ni kazi, inawezekana, na zile kozi za awali unazodaiwa ndo hizo hizo zitakupandisha. Kwenye maelezo yako sema kilichotokea kwa sentensi mbili halafu uendelee na mengine, usiombe msamaha ukurasa mzima.

SWALI: Nimeona udaktari wa OT wa onlaini kabisa, muda mfupi na hawadai anatomia. Mi nina digrii ya biashara. Niingie?

JIBU: Hapana kaka, tafadhali usilipe. Hiyo ni ya watu ambao tayari ni OT wanajiendeleza, kwenye saiti yao tafuta neno post-professional utaliona. We unahitaji ile ya kuingilia fani, masta ya kama miaka 2 hadi 2 na nusu au udaktari wa kama miaka 3, na zote mbili zinakufikisha kwenye mtihani ule ule wa taifa wa OT, wa NBCOT, na leseni ile ile. Ndani yake kuna wiki 24 za mafunzo kazini muda wote, za kushika wagonjwa kwa mikono yako, na wa udaktari wanaongeza wiki 14 za mradi. Kabla ya yote hakikisha programu yenyewe imeidhinishwa na ACOTE, chombo kinachoidhinisha programu za OT, programu isipokuwa na hiyo idhini ukimaliza mtihani hukalii, iwe ulipata A zote.

SWALI: Kwa kifupi dada, GRE bado wanadai? Na mimi transkripti yangu sio ya Marekani.

JIBU: GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu, vingi wameacha, vichache bado, angalia chako. Transkripti ya nje ipeleke ikatathminiwe kozi kwa kozi, WES, shirika la kutathmini vyeti vya nje, ndo wengi wanawatumia, ile tathmini ya jumla haitoshi kwa sababu wanataka kuona anatomia yako peke yake. TOEFL, mtihani wa Kiingereza, wengi wanakusamehe kama una digrii ya Marekani. Anza hiyo ya transkripti leo, OTCAS huwa inafunguliwa Julai na kuna vyuo vinachukua watu kadri maombi yanavyoingia, so ukifika mwishoni viti vinaweza kuwa vimekwisha hata kama dedlaini bado.