Kabla hujalipia kiinimacho ambacho hakijatoka

Wadogo zangu, juzi kwenye kikao cha klabu yetu ya mazingaombwe niliwaona watatu mmeinamia simu moja. Mlikuwa mkiitazama treila ile ile ya mchezo mpya kwa mara ya nne, na chini yake saa inahesabu kurudi nyuma: bei ya wanaowahi inaisha usiku huu. Mmoja wenu kadi ya benki ilikuwa tayari mkononi. Karata zenu zilikuwa mezani, hazijaguswa tangu tuanze. Nilitaka kusema kitu pale pale, lakini nilijua nitafoka, na hamkustahili kufokewa. Basi nimekaa nikaandika.

Jibu langu mlipate mapema. Kwa sisi tunaofanya mazingaombwe kwa mapenzi tu, kulipia kabla kitu hakijatoka ni kosa mara nyingi na ni sawa mara chache. Hizo mara chache nitazitaja. Nazungumza baada ya miaka zaidi ya 20 ya kununua, na droo mbili zilizojaa vitu ambavyo sijawahi kumwonyesha mtu yeyote.

1. Itazameni treila kama wachezaji, msiitazame kama watazamaji. Zimeni sauti. Hesabuni picha imekatwa mara ngapi kati ya sarafu kutoweka na sarafu kuonekana. Angalieni mikono ya mtendaji kabla mchezo haujaanza na baada ya makofi, maana ninyi mnajua kazi chafu, ile hila ya siri, hufanyika saa ngapi. Kuna mtu amesimama ubavuni mwake? Kama wote wamepangwa mbele, pembe zake ni mbovu, yaani aliye ubavuni ataiona siri. Mbona amevaa koti? Wakiandika "inakaguliwa", yaani mtazamaji anaweza kuishika na kuichunguza, ulizeni inakaguliwa lini. Riseti je, yaani kukiandaa kitu upya kwa onyesho jingine, ni ya sekunde 5 au ni ya kwenda kujifungia chooni?

Haya yote mnayajua, na bado yanawatoka kichwani mkiona watu wanapiga kelele na kushika vichwa. Rafiki yangu mmoja, mtu mwenye mikono ya karata ambayo mpaka leo naitamani, alilipia kitu kwa sababu ya mama mmoja aliyelia kwenye treila. Nikamwuliza mchezo wenyewe unakwendaje. Alifikiri kidogo, kisha akaanza kunieleza uso wa yule mama.

2. Jiulize unanunua nini. Mwanafalsafa wa Kirumi Seneca, karibu miaka 2,000 iliyopita, alimwandikia rafiki yake Lucilius kuhusu wachezaji wa vikombe na vijiwe. Alisema raha yake iko kwenye kule kudanganywa. Akishaelezwa kinavyofanyika, hamu inamwisha. Kila nikisoma maneno hayo naiona treila. Treila inakudanganya vizuri, unabaki unawashwa kujua siri, na muwasho huo ndio unaokupeleka kwenye kitufe cha kulipa. Kifurushi kinafika, unafungua, unasema "Aa, kumbe ni hivi tu", na shughuli imeishia hapo. Ulikuwa unanunua jibu la kitendawili, na kufanya mchezo mbele ya mtu ni jambo lingine kabisa.

Na pesa hairudi. Maduka mengi ya mazingaombwe hayapokei kitu kilichokwisha kufunguliwa, na siwalaumu, kwa sababu siri uliyokwisha kuiona haiwezi kurudishwa kwenye boksi.

Mimi siku hizi naifunga treila, nachukua karatasi, naandika maneno nitakayomwambia mtazamaji tangu mwanzo hadi mwisho, na nani nitamfanyia. Nikikwama sentensi ya pili, silipi. Nimekwama mara nyingi sana.

3. Hili la tatu nimelikwepa kwa miaka. Wakongwe wa klabu wanalijua, ninyi hamlijui.

Kilitangazwa kisanduku cha mbao kinachoenea kiganjani. Kwenye treila mtendaji anaazima sarafu, mwenye sarafu anaitia alama kwa kalamu ya wino, sarafu inatoweka mkononi, kisha mtazamaji huyo huyo anafungua kisanduku kilichokuwa mezani muda wote na kuikuta humo. Niliposikia maneno "sarafu ya kuazima" moyo uliruka. Mtengenezaji alitoa punguzo kwa atakayeagiza vipande 6 kwa pamoja. Nikaingia kikaoni na simu yangu, kama mlivyoingia ninyi, nikasema jamani tuchange. Wakati ule nilikuwa katibu wa klabu na neno langu lilikuwa na uzito. Wanne wakakubali jioni hiyo hiyo. Pamoja nami, watano. Akapungua mmoja.

Pembeni alikaa kijana wa miaka 17 anayepitisha sarafu kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Alikuwa na sarafu nne kuukuu na mikono mitulivu kuliko yangu. Nikamwendea. Akaniambia, "Kaka, hela yangu ni ya kuweka kidogo kidogo. Nilitaka ninunue kitabu." Nikamjibu kwamba kitabu kitakuwepo siku zote, bei hii haitakuwepo. Sentensi hiyo niliitoa kwenye treila, neno kwa neno, nikaitamka kana kwamba ni busara yangu. Akalipa.

Tuliahidiwa wiki 6. Wiki ya 7 ikaja barua pepe: kiwanda kimechelewa. Mwezi wa nne ikaja nyingine: bawaba zinabadilishwa ziwe imara zaidi. Kisha kimya. Kila kikao wenzangu waliniuliza habari za kisanduku, mwanzo wakicheka, baadaye bila kucheka. Yule kijana hakuuliza hata mara moja. Alikuwa anakuja, anakaa, anasikiliza majibu ninayowapa wengine. Mwezi wa tisa vikafika.

Tulivifungua pamoja. Mbao ilikuwa nzuri kweli, imepigwa msasa mpaka inateleza. Kinavyofanya kazi sitasema, mnajua miiko yetu. Niseme tu kwamba ndani kuna njia ya sarafu, na njia hiyo ilichongwa kwa nusu dola ya Marekani, milimita 30.6 kwa upana. Ndogo kuliko hiyo ililala kiubavu na kukwama. Kubwa haikuingia kabisa. Nusu dola tunaipenda wachezaji wa sarafu kwa sababu inakaa vizuri kiganjani, lakini hata huko Marekani ni nadra kumkuta mtu anayo mfukoni. Kwenye treila mtazamaji aliombwa sarafu na akaitoa. Watu sita, wote wachezaji, wote wanaojua maana ya mtu aliyepangwa, mtazamaji wa uongo anayeshirikiana na mtendaji, hatukujiuliza aliitoa wapi.

Nikaanza kujitetea. Nikasema tutaagiza nusu dola. Mmoja akauliza kwa upole, "Kwa hiyo mtazamaji tutamwazima sisi sarafu, ili na yeye atuazime?" Sikuwa na jibu. Kijana alikifunga kisanduku chake, akakitia mfukoni, akatuaga kwa heshima. Kikao kilichofuata hakuja. Na kilichofuata baada ya hapo hakuja.

Ilinichukua miezi miwili kujipa ujasiri wa kumtafuta. Nilikwenda na hela yake kwenye bahasha. Akakataa kuipokea. Akaniambia, "Kaka, hela si neno. Miezi tisa yote ile sikufanya mazoezi. Kila siku nilikuwa nasema ngoja kije kile kisanduku, ndipo nitengeneze onyesho langu." Kisha akatoa zile sarafu nne akanionyesha upitishaji wake. Ya tatu ilianguka, ikaviringika mpaka chini ya kabati. Tulipiga magoti wote wawili kuitafuta, na nilifurahi kupata sababu ya kuficha uso. Bahasha niliiacha mezani.

Alirudi klabu baada ya mwaka na zaidi. Nimemwomba ruhusa ya kusimulia haya, amenipa.

Kwa hiyo nikiwaona mnashawishiana "tukiagiza watatu tunapata punguzo", kinachonijia ni ile sarafu chini ya kabati. Kulipia kabla kunakupa hisia ya kwamba umeshaanza kufanya kazi. Umelipa, jina lako liko kwenye orodha, una namba ya agizo. Mikono inapumzika kwa sababu kichwa kinaamini kitu kiko njiani. Ukitaka kujipoteza jipoteze mwenyewe, ila usimvute mwenzako, hasa mdogo wako anayekuamini.

4. Haya ni ya haraka. Toleo la kwanza hubeba makosa yanayorekebishwa kwenye la pili, na aliyesubiri ndiye anayepata lililorekebishwa. Kama mchezo unategemea programu ya simu, uliza nani ataihuisha mfumo wa simu ukibadilika. Kama una betri, uliza inachajiwaje na ikifa inabadilishwaje. Karata za gimiki, yaani zilizotengenezwa kwa hila ndani yake, zilinganishe migongo na pakiti yako halisi, kwa sababu wekundu wa uchapaji mmoja na mwingine haulingani, na mtoto wa miaka 8 ataliona hilo kabla yako. Mapitio yanayotoka kabla ya bidhaa kutoka, aghalabu aliyeyafanya kapewa bure. Msubiri yule aliyelipa na kuufanya mchezo mbele ya watu mara 10.

Na usiagize kwa ajili ya tarehe. Mwenzetu mmoja aliahidi onyesho kwenye sherehe ya binti yake akitegemea kifurushi ambacho kilifika siku tatu baada ya sherehe. Jioni ile alisimama na zile kamba tatu, fupi, ya kati na ndefu, alizozifanya tangu ujana wake. Ukikutana na mtu aliyehudhuria, atakusimulia kamba. Kile kilichokuwa njiani kiko kwenye boksi lake mpaka leo, nimekiona.

5. Lini ulipe kabla? Vitabu. Vitabu vya fani yetu huchapwa nakala chache, na vikiisha huenda visichapwe tena. Kama tayari unafanya michezo miwili au mitatu ya mwandishi huyo mbele ya watu, agiza mapema na usinisikilize mimi. Pakiti za karata zinazochapwa mara moja ni hivyo hivyo ikiwa unakusanya. Za kufanyia kazi, karata za kawaida za Bicycle zimekuwepo tangu 1885, hazitakukimbia wiki hii.

Tena kuna mtunzi mdogo, anayetengeneza vitu vyake mwenyewe. Huyu maagizo ya mapema ndiyo yanayomlipia kiwanda, na bila hayo mchezo wake hautoki, au utatoka kwa wezi wa kunakili ambao hawatampa chochote. Huyu nataka mumsaidie, nasema kwa moyo wote. Lakini mpeni kama mnavyomchangia rafiki, hela ambayo hata ikipotea mtaendelea kusalimiana. Kickstarter, tovuti ya kuchangia miradi iliyoanza 2009, ilitamka yenyewe mwaka 2012 kwamba si duka. Watu hulisoma hilo baada ya kuchelewa kufikiwa na mzigo.

6. Muwasho utabaki, najua. Upelekeni kwenye vitu vinavyopatikana leo. Pakiti ya karata ya Ultra Mental ya Joe Berg ni ya 1936, wengi mnaijua kwa jina la Invisible Deck: mtazamaji anataja karata yoyote, na ndiyo pekee inayokutwa imegeuzwa ndani ya pakiti, na bado sijaona mtu mzima aliyeitazama kwa mara ya kwanza akabaki ametulia. Au chukueni karata inayorudi juu. Mwanamazingaombwe maarufu Harry Houdini alikuwa akijigamba kwamba mchezo wowote akionyeshwa mara 3 ataueleza. Mwaka 1922, Chicago, mchezaji wa karata Dai Vernon akamfanyia karata hiyo, akarudia, akarudia tena kupita zile mara 3, na Houdini hakuweza kueleza. Hakukuwa na betri wala programu. Kuna karata inaingia katikati, halafu iko juu.

Wangapi kati yenu mnaweza kunifanyia karata inayorudi juu mara tatu mfululizo, mikono ikiwa imetulia, huku mnaniangalia usoni? Nimewaona mkijaribu. Mmoja anakaribia sana, na anajijua. Nyie wawili bado mnaziangalia karata kila mnapoinua mbili kama moja, na mnashusha pumzi mkimaliza. Hilo ni suala la wiki kadhaa mbele ya kioo, dakika 20 kila usiku.

Kikao kijacho nitakuja na kile kisanduku changu. Nitakiweka mezani na mtakifungua wenyewe. Leteni sarafu zenu, zozote mlizo nazo mfukoni.