Mjakazi abaki mjakazi

SWALI: Nasomesha Kiswahili skuli ya sekondari, Chake Chake. Nawakusanyia wanafunzi nyimbo na mashairi ya zamani, na humo mna maneno kama mjakazi, suria na zeruzeru. Mwenzangu ananishauri nitie nukta mahali pa maneno hayo, au mjakazi niandike "mtumishi wa nyumbani". Inafaa?

JIBU: Haifai, mwalimu. Na hilo la mtumishi ni baya kuliko nukta. Mtumishi ana ujira wake, na akichoka huaga akaenda zake. Mjakazi alikuwa mali ya mtu, akinunuliwa na kurithiwa. Ukimwita mtumishi, unayemsitiri ni bwana wake. Suria naye, mjakazi aliyewekwa na bwana wake kama mke, ni vivyo hivyo: amri ya 1897 iliyoondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje, hadi 1909. Mwanafunzi atalijuaje hilo ikiwa kitabuni amesoma "mke mdogo"?

Kisha tazama mizani, yaani hesabu ya silabi. Mjakazi ni mizani 4, na mtumishi ni 4 vilevile, kwa hivyo neno likiwa katikati ya kipande sikio halishtuki, na hapo ndipo penye hatari. "Mtumishi wa nyumbani" ni mizani 8, nusu nzima ya mshororo wa 16!

Chukua kejeli aliyoimbiwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watumwa, ambaye mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay. Mahasidi walisema kaja mjini "na kaniki chini", na kama si sauti angekula nini. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa na mafukara; tusi lote limo humo. Weka "kitenge" badala yake: mizani inatimia, vina vinabaki, tusi limeyeyuka. Basi lile jibu lake maarufu, kwamba si hoja uzuri na sura jamali, hasara ya mtu kukosa akili, msomaji hatajua lilimchoma nani. Kwa kumstahi Siti tutakuwa tumempokonya ushindi wake.

Nukta nazo watoto watazijaza wenyewe, pengine kwa matusi ya nguoni.

Zeruzeru lina uzito mwingine, kwa sababu anayeumizwa nalo yuko hai, labda dawati la mbele darasani mwako. Katika maneno yenu wenyewe semeni mtu mwenye ualbino. Shairi lenye neno hilo, ukiona litamdhalilisha mtoto, liache, utafute jingine. Kuchagua ni haki yako mwalimu. Kumtilia marehemu mshairi maneno asiyoyasema hatuna haki hiyo hata kidogo.

Ulilolichagua lichape kama lilivyo, na chini yake utie tanbihi fupi: neno lilikuwa na maana gani, nani akimwita nani hivyo, na leo tunasemaje.