Seli za kinga hazianzii kwenye uboho

Mdogo wangu, umeuliza nani yuko sahihi: kitabu kinachosema seli za kinga hutengenezwa kwenye uboho, au mwalimu aliyesema hazianzii huko. Wote wako sahihi. Kitabu kinamzungumzia mtu aliyekwisha kuzaliwa. Kiinitete cha wiki ya tatu hakina hata mfupa, uboho utoke wapi?

Mchukue panya, maana ndiye aliyechunguzwa sana. Mimba yake ni ya siku 20 hivi. Siku ya 7 seli za kwanza za damu hujitokeza nje kabisa ya mwili wa kiinitete, kwenye mfuko wa kiini. Humo hutoka makrofaji za mwanzo, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki. Baadhi husafiri hadi kwenye ubongo unaochipuka na kubaki humo maisha yote, zikiitwa maikroglia. Hilo lilithibitishwa mwaka 2010, na kwangu ndilo jambo zuri kuliko yote katika mada hii.

Karibu siku ya 10 na nusu, seli za ukuta wa aota, ule mshipa mkubwa utokao moyoni, hujikunja, hujibandua na kuingia kwenye damu zikiwa seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine zote za damu. Huhamia kwenye ini, huongezeka sana, na ndipo uboho hupokea kazi, mimba ikikaribia kuisha. Seli T, aina mojawapo ya seli za kinga, hukomalia kwenye thaimasi, tezi iliyo kifuani.

Kwenye mtihani soma swali vizuri: likitaja kiinitete, anza na mfuko wa kiini. Likitaja seli shina za kudumu, anza na aota.