Buddha, Budha au Buda?

SWALI: Ninahariri jarida la shule. Mwanafunzi ameandika: "Mabudha ni Wahindi wanaomwabudu mungu wao Budha." Mwenzangu anataka tuandike Wabuda. Tufuate lipi?

JIBU: Mwalimu, sentensi hiyo ina mengi zaidi ya tahajia, ila tuanze nayo. Kiswahili hakiandiki d mbili, ndiyo maana kila mtu hulichonga jina hili kivyake. Ukiandika Budha, msomaji atatamka dh ya dhahabu, sauti isiyokuwemo. Ukiandika Buda, umeangukia neno jingine kabisa: buda ni mzee kibogoyo, na kijana wa Nairobi akisema buda anamtaja baba yake. Mimi huliacha Buddha lilivyo, kisha nanyambua: Mbuddha, Wabuddha, Ubuddha, hekalu la Kibuddha. Mabuddha ibaki kuwa wingi wa Buddha, maana yapo madhehebu yanayotaja zaidi ya mmoja.

Kwenye "Wahindi" ndipo ningetumia wino mwekundu. Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko. Mhindu ni mfuasi wa Uhindu, yule ambaye wazee wa pwani walimwita Baniani. Siddhartha Gautama, yaani Buddha mwenyewe, alipata mwangaza Bodh Gaya, India, lakini leo wafuasi wake wengi utawakuta Thailand, Myanmar, Sri Lanka, China na Japani. Ndani ya India ni wachache, na wengi wa hao wachache chanzo chao ni Nagpur, Oktoba 1956. Hapo B. R. Ambedkar, mwenyekiti wa kamati iliyoandaa rasimu ya katiba ya India, aliacha Uhindu akaingia Ubuddha pamoja na umati mkubwa wa watu wa tabaka lililoitwa "wasioguswa". Mhindi Mbuddha yupo, basi, ila huwezi kusema Wabuddha ni Wahindi. Hata hekalu la Kibuddha la Dar es Salaam lilianzishwa na Wasinhala kutoka Ceylon, Sri Lanka ya sasa. Uani pana mti wa bodhi, aina ile ya mti ambao Gautama alipata mwangaza chini yake, wa jamii moja na mkuyu; mche wake ulitoka Anuradhapura, mji wa kale wa Sri Lanka.

Lipo na hilo la "mungu wao". Buddha ni cheo, yaani "aliyeamka", na mwenye cheo alikuwa binadamu na mwalimu. Anayeweka maua na kufukiza ubani mbele ya sanamu yake hamwendei kama Muumba. Kweli, wapo waumini wanaoomba wafaulu mtihani au biashara iende, lakini hilo halitoshi kuandika "wanamwabudu mungu wao" na kuweka nukta. Ningeandika: "Wabuddha hufuata mafundisho ya Siddhartha Gautama, anayeitwa Buddha."

Akiendelea na makala, mtu wa nguo za rangi ya zafarani aliyenyoa kichwa ni mtawa, si padri wala shehe. Kile kitendo cha kukaa kimya ukifuatilia pumzi, ambacho siku hizi kimefika hadi kwenye programu za simu na kinafanywa na wasio Wabuddha, ni kutafakari. Anayependa neno zito aseme taamuli. Wapo wanaokiita tahajudi. Kwa Waislamu tahajudi ni sala ya usiku, na ina wenyewe.